Amoksilini haitibu mafua, na hizi ndizo dalili za kuwahi hospitali

Mamba, wilayani Same, tangawizi ipo ya kutosha: chai yake hutuliza koo, mafua huisha yenyewe. Amoksilini haiui virusi. Kazi yake ni bakteria, mfano nimonia ya mtoto. UTI nayo ina dawa zake, kwa hiyo pima mkojo kwanza, usimeze vidonge alivyobakiza jirani.

Kichefuchefu au kuharisha kidogo hutokea. Flagyl huacha ladha ya chuma mdomoni na haiendani na pombe, hata dengelua. Ukipata maumivu nyuma ya kisigino ukiwa kwenye siprofloksasini, iache, rudi kwa daktari. Ila midomo ikivimba, vipele vikitapakaa au ukishindwa kupumua vizuri baada ya amoksilini, usisubiri kukuche. Wahi kituo cha afya, ubebe na pakiti ya dawa.