Ukurasa wa Wavuti si Karatasi: Somo Nililopewa Kibiti

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Kazi za gazeti mnazijua, ukitoka huku unatumwa kule. Leo sileti siasa wala mpira. Nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mtasema ni la mafundi wa kompyuta: namna vitu vinavyowekwa mahali pake kwenye ukurasa wa wavuti, na historia yake. Subirini kwanza kabla hamjakimbia. Nina sababu, na sababu yenyewe mpaka leo inaniuma.

Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika. Wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, zikaingia majini, nyumba na mashamba pamoja. Mhariri akanituma Kibiti. Kabla ya kuondoka nilijitolea kutengeneza ukurasa mmoja wa taarifa kwa wasomaji wa huko. Katikati niliweka orodha ya mahali pa kupata msaada na namba za simu, na upande wa kulia kisanduku cha njano chenye mabadiliko ya siku hiyo. Chuoni nilisomea uandishi wa habari. CSS, ile lugha ya kuueleza ukurasa uonekane vipi, nilijifundisha mwenyewe bwenini. Kwenye kompyuta ya ofisini ukurasa ulipendeza, nikajiona fundi.

Nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu. Siku ya pili Kibiti akanijia mama mmoja mtu mzima, simu mkononi, kioo kimepasuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa gazeti? Mbona mmeandika msaada unatolewa hapa, nimefika hapana mtu?"

Nikaichukua simu yake. Orodha ilikuwepo. Taarifa kwamba mahali pamebadilika ilikuwa ndani ya kisanduku cha njano, na kisanduku hakikuonekana. Nikausukuma ukurasa kwa kidole kuelekea kushoto, nikasukuma tena, ndipo kikajitokeza kutoka huko nje kilikojificha. Mama akakitazama, akanitazama na mimi.

"Sasa mimi ningejuaje kwamba huko pembeni kuna maneno?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ametembea asubuhi nzima kwenye matope kwa ajili ya ukurasa wangu.

Usiku ule, gesti, nikabadilisha tarakimu moja ili kisanduku kirudi ndani ya skrini. Asubuhi nikafungua kwa simu: kisanduku kimerudi kweli, lakini kimelala juu ya namba tatu za simu. Nimetoa kosa moja, nimeweka jingine. Ndipo nilipoamua kurudi nyuma na kusoma historia ya kitu hiki tangu mwanzo.

Twende pamoja. Mtandao wa wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa CERN, kituo cha utafiti kilichopo Uswisi, kuanzia mwaka 1989. Kurasa za mwanzo hazikuwa na urembo. Maneno yalifuatana yakijaza upana wa dirisha. Ukilipunguza dirisha, mistari inakuwa mifupi na ukurasa unarefuka. Hakuna kinachopotea. Yaani zile kurasa zenye sura mbaya zingesomeka vizuri kabisa kwenye simu ya yule mama!

Nani aliharibu? Nasikitika kusema ni watu wa fani yetu, watu wa karatasi. Mbunifu wa gazeti anajua upana wa ukurasa wake mpaka kwenye milimita. Alipofika kwenye wavuti alitaka vivyo hivyo: picha hapa, safu pale, tangazo kule, na visitikisike. Majedwali yalipoingia kwenye vivinjari kama Netscape mwaka 1995, watu hawakuyatumia kwa takwimu tu. Waliugawa ukurasa mzima kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali, na penye pengo wakatia kipicha kisichoonekana cha pikseli moja ili kusukuma vitu. Tovuti nyingi ziliandika kabisa chini kwamba zinaonekana vizuri kwenye skrini ya 800 kwa 600. Mwenye skrini nyingine shauri yake.

Wakati huohuo dawa ilikuwa inapikwa. Tarehe 10 Oktoba 1994 Mnorwe Håkon Wium Lie, naye akiwa CERN, alitoa pendekezo la lugha ya mitindo ya kurasa. Mholanzi Bert Bos akaungana naye. Toleo la kwanza la CSS likaidhinishwa Desemba 1996. Lilikuwa na rangi, herufi, nafasi za pembeni, na amri ya kuelea inayoandikwa "float", ambayo huweka picha kando na kuacha maneno yaizunguke, kama picha ya gazetini. Lakini amri ya kukiambia kitu "kaa mahali fulani" haikuwemo. Hiyo iliingia kwenye toleo la pili, Mei 1998, kwa jina la "position".

Hapa ndipo nilipojikwaa mimi, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Kisanduku chochote usipokiamuru kitu kinakaa kwenye mkondo. Kinakuja baada ya mwenzake, na mwenzake akirefuka kinasogea chini. Hali hiyo inaitwa "static".

Ukiandika "relative", kisanduku kinasogea kutoka mahali pake lakini nafasi yake inabaki wazi. Ni kama mzee barazani aliyesogea kufuata kivuli akaacha kandambili zake pale pale. Hakuna atakayekaa hapo.

Ukiandika "absolute", kisanduku kinatolewa kwenye mkondo kabisa. Wenzake wanasogea na kujaza pengo kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Hawajui yuko wapi, naye hajui wao wamefika wapi. Wengi tunadhani neno hilo maana yake ni mahali pasipobadilika. Sivyo. Hata yeye anapimwa kutoka kwa mtu: mzazi wa karibu aliyepewa "position" yake, au babu, au babu wa babu. Asipopatikana hata mmoja katika ukoo, anapimwa kutoka mwanzo wa ukurasa wenyewe.

Ya nne ni "fixed", inayokibana kitu kwenye dirisha la skrini. Fikiria stika kwenye kioo cha mbele cha basi la Kibiti. Minazi inapita, mikorosho inapita, stika iko pale pale. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001, iliyotawala ofisi zetu kwa miaka, hata amri hiyo haikuielewa. Ilielewa iliyofuata, ya mwaka 2006.

Sasa mtaona kosa langu. Kisanduku cha njano nilikiandikia "absolute", pikseli 700 kutoka kushoto na 240 kutoka juu, na mzazi wake sikumpa chochote. Skrini ya ofisini ina pikseli zaidi ya 1,300, kwa hiyo 700 ni ndani. Ukurasa kwenye simu ya mama ulikuwa na pikseli 360 tu. Mia saba ni baharini huko! Nilipokirudisha kwenye sifuri, ile 240 kutoka juu ilibaki. Kwenye skrini nyembamba kichwa cha habari kilikuwa kimejikunja mistari mitatu na kuisukuma orodha chini, ikafika palepale kisanduku kilipokuwa kimekaa bila kujua. Hakikugombana na namba za simu, kilizifunika kimya kimya.

Nilipomaliza kusoma hayo, nikakumbuka nimesimama kwenye nchi gani. Watu wa bonde la Rufiji wameishi na maji yanayopanda na kushuka tangu enzi. Maji yakishuka wanapanda kwenye udongo wenye unyevu, kilimo wanachokiita mlau. Shambani wanajenga dungu, kibanda juu ya nguzo, walinde mpunga na wakae huko msimu mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu. Nia ya kuwaepusha na mafuriko ilikuwepo, na aliyeyaona maji ya 2024 hawezi kuicheka. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Nyumba ikapimwa kutoka kwenye mpango, maisha yakaendelea kupimwa kutoka mtoni, na madungu hayakuisha. Silinganishi kuhamishwa kwa watu na kisanduku cha njano, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba swali ni lile lile: hapa pamepimwa kutoka wapi, na kitakachopanda au kushuka kimefikiriwa?

Tumalizie historia. Wako walioonya mapema. Aprili 2000 Mwaustralia John Allsopp aliandika makala maarufu akiwasihi wabunifu waache kulazimisha wavuti iwe karatasi. Wengi walimsifu, kisha wakaendelea na upana wao uliofungwa. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na kivinjari chake kikaanza kwa ujanja, kikichora ukurasa kana kwamba una pikseli 980 kisha kikiupunguza wote uenee mkononi, herufi kama sisimizi. Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte akautaja muundo unaoitikia skrini: vipimo vya asilimia, picha zinazonyumbulika, na sheria zinazobadilika kufuatana na upana. Halafu zikaja zana zenyewe. "Flex", ambayo rasimu yake ya kwanza ni ya mwaka 2009, inampa mzazi kazi ya kuwagawia watoto nafasi na kuwashusha mstari wa chini wasipoenea. "Grid" iliingia kwenye Firefox, Chrome na Safari Machi 2017, nayo inagawa ukurasa kwa safu na mistari bila jedwali la uongo.

Ukitazama vizuri, safari ya miaka karibu 30 imeturudisha pale tulipoanzia, kwenye ukurasa unaoufuata upana wa msomaji, ila sasa unapendeza pia.

Usiku wa pili pale gesti niliifuta "position" yote. Kisanduku cha njano nikakiweka kwanza kabisa kwenye mkondo, juu ya orodha, kwa kuwa habari iliyobadilika ndiyo ya kusomwa mwanzo. Kwa wenye skrini pana nikatumia "flex" ili kikae kando ya orodha, na pakiwa padogo orodha ishuke chini yake yenyewe. Mistari sita ya msimbo. Kulipokucha nikamtafuta yule mama nimwonyeshe. Sikumpata, alikuwa ameshaondoka na ndugu zake.

Basi ndugu wasomaji, mkiwa na tovuti ya ofisi, ya kikundi au ya shule, naombeni jambo moja. Kabla hamjashangilia, azimeni simu ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka ikiwezekana, mfungue ukurasa wenu humo. Kisha mniandikie hapo chini mlichokiona. Na msijitetee kama nilivyotaka kujitetea mimi mbele ya yule mama.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.