Mkono wa kushoto wa baba mdogo

Kwetu Izigo, mkoani Kagera, marehemu hapelekwi mbali. Tunamzika kibanjani, kati ya migomba na mibuni, ili anayekwenda kukata mkungu asubuhi awapitie wazee wake. Kando ya kaburi la babu kuna nafasi ya baba mdogo. Iko wazi tangu Mei 1996.

Alipandia Kemondo usiku wa tarehe 20, akielekea Mwanza kwa meli ya MV Bukoba. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikapinduka, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Hesabu ya serikali ilifika watu 894 waliokufa. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, na ndilo alilokuwa amekatia tiketi. Miili mingi ilizikwa Igoma, huko huko Mwanza. Tulikwenda Mwanza, tukaulizwa alikuwa amevaa shati gani. Lakini mtu akikaa majini siku kadhaa sura yake hupotea, na mashati ya mitumba yanafanana. Mkono wake wa kushoto hakuna aliyeuulizia. Alianguka kutoka mtini akiwa na miaka 9, mganga wa jirani akauunga kwa vijiti, ukabaki na kinundu juu kidogo ya kifundo. Utotoni nilikuwa nikikigusa akinibeba.

Nilipokuja kufundisha biolojia ndipo nilipoelewa kwamba kinundu kile kilikuwa jina lake. Mfupa uliovunjika ukapona mara nyingi huhifadhi kovu hata nyama ikiisha. Nyonga hutofautisha mwanamume na mwanamke, paja hukadiria kimo, meno hueleza umri wa mtoto. Kusoma hayo kwa ajili ya mahakama na kwa ajili ya wafiwa ndiyo anthropolojia ya uchunguzi wa jinai.

Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika jirani nasi, nchini Rwanda, miezi 4 tu kabla ya meli kuzama. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Mto Kagera ulileta Ziwa Victoria miili kutoka huko, tukaacha kula samaki. Januari 1996 kundi la mwanaanthropolojia William Haglund likaanza kufukua kaburi la halaiki kanisani Kibuye, kando ya Ziwa Kivu. Katika kundi hilo alikuwamo Clea Koff, binti wa miaka 23, ambaye mama yake ni Mtanzania. Walitoa miili zaidi ya 450, mingi ikiwa ya wanawake na watoto. Waliopata majina walikuwa wachache mno, lakini ushahidi wa mifupa ulifika Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo. Clement Kayishema, aliyekuwa mkuu wa eneo la Kibuye, alitiwa hatiani tarehe 21 Mei 1999. Siku hiyo kwetu ilikuwa kumbukumbu ya tatu ya baba mdogo.

Koff alikwenda Kibuye kabla hajamaliza shahada yake ya uzamili. Aliikamilisha baadaye Nebraska, Marekani. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akitaka njia hiyo. Nilimwambia aanze na akiolojia Dar es Salaam, au anatomia, au biolojia. Kisha uzamili, mara nyingi miaka 2: kuijua mifupa yote 206 hata ikiwa vipande, kufukua kwa mwiko na brashi bila kuvuruga kitu, kukaa maabara, kuandika tasnifu. Nchi yenye ziwa kama letu inamhitaji mtu huyo.

Nawe msomaji, andika leo katika daftari la nyumbani: nani alivunjika wapi, nani ana pengo la jino lipi. Sisi hatukuandika.