Alarmu ya nyumba: pahali pa kuweka kapteri na namna ya kuunga nyaya

Kapteri ya mwendo ni kidude kinachofungwa ukutani ili kujulisha santrali ya alarmu kama mtu anatembea ndani ya nyumba. Inapokea tu joto la mwili linapohama mbele yake. Ikiwekwa vibaya, italia bure. Katika mitaa ya Goma na Bukavu, ambako jirani ndiye anayepiga sufuria na filimbi wezi wakiingia, sireni inayodanganya kila usiku inachokesha watu, na siku ya kweli hakuna anayetoka.

Pahali. Kona ya chumba inafaa, kwa urefu wa mita 2 hadi 2.4. Kapteri nyingi zinafika mita 10 ama 12. Zinasikia zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja, kwa hiyo ielekezwe ili mtu akitoka mlangoni aikatize. Isitazame dirisha lenye jua, mbabula, wala pazia linalopepea. Haioni kupitia kioo, na kabati refu linaweza kumficha mwizi. Chini ya mabati bila plafo, joto la mchana likikaribia lile la mwili, kapteri inaanza kukosa watu.

Nyaya. Kwa kawaida ziko 6: mbili za kuran ya volti 12, ambazo plus na minus hazibadilishwi, mbili za alarmu, na mbili za kulinda kifuniko. Njia ya alarmu inakaa imefungwa. Mtu akipita, ama waya ukikatwa, inafunguka na sireni inalia. Rezistansi inawekwa mwishoni, ndani ya kapteri. Ikiachwa kwenye santrali, mtu anaweza kugusanisha nyaya njiani na santrali isijue. Kebo ipite mbali na nyaya za volti 220, na tundu lake lizibwe, juu ya wadudu.

Batri. Kuran inakatika mara nyingi, basi batri ni ya lazima. Batri mpya ya volti 12, Ah 7, kwa mfumo unaokula mA 200, inashika karibu saa 30. Ikizeeka, inashika kidogo.

Jaribio. Baada ya kuwasha, ingojwe dakika moja ama mbili. Kisha mtu aingie kupitia kila mlango na kila dirisha, akitembea polepole. Pahali ambapo taa ya kapteri haiwaki, ndipo mwizi naye atapita.