Kutoka Tanuri la Saruji hadi Nyumba ya Visukuku

Maji yakishakupwa katika ufuko wa Charmouth, kusini mwa Uingereza, watoto huinama juu ya kokoto wakitafuta kitu kidogo kinachong'aa. Ni amoniti: gombe lililojikunja kama la konokono, dogo kuliko sarafu, lililogeuzwa na madini kuwa na rangi ya dhahabu. Mwenye gombe, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi, aliishi katika bahari iliyokuwa hapa miaka ipatayo milioni 195 iliyopita.

Hatua chache kutoka majini limesimama jengo kuukuu. Katika karne ya 19 lilikuwa kiwanda cha saruji. Mawe ya chokaa ya pwani hii yalichomwa tanurini yakasagwa, pamoja na visukuku vilivyokuwamo ndani yake. Kituo cha urithi wa pwani, Charmouth Heritage Coast Centre, kilianzishwa mwaka 1985, na makao yake ni jengo hilohilo. Palipopondwa mawe, sasa hufundishwa namna ya kuyasoma.

Hata hivyo, elimu ya pwani hii ni kongwe kuliko kituo, na walioianzisha hawakuwa mabwana wakubwa. Katika mji jirani wa Lyme Regis, mwaka 1799, alizaliwa Mary Anning, binti wa seremala. Baba yake alifariki mwaka 1810 na kuiachia familia madeni. Kuokota visukuku na kuwauzia wageni kukawa riziki. Mwaka 1811 kaka yake, Joseph, aliona fuvu kubwa kwenye jabali. Mwaka uliofuata Mary akaupata mwili: ikthiosauri, mtambaazi wa baharini. Mwaka 1823 akafukua mtambaazi mwingine wa baharini, plesiosauri mzima. Wasomi walinunua mifupa, wakaiandikia makala, na mara nyingi jina lake hawakulitaja. Chama cha Jiolojia cha London kilianza kupokea wanawake kuwa wanachama mwaka 1919, miaka 72 baada ya kifo chake.

Charmouth nayo ilitoa hazina yake. Mwaka 1858 James Harrison alipata hapo mifupa ya dinosauri ambaye mwanasayansi Richard Owen alimpa jina la Scelidosaurus.

Utajiri huu unatokana na udhaifu wa jabali lenyewe. Ni matabaka ya udongo mzito na chokaa. Mvua huyalowesha, mawimbi hula chini, na mlima huporomoka. Mwaka 1833 maporomoko kama hayo yalimfukia Tray, mbwa wa Mary, karibu kabisa na miguu ya mmiliki wake. Bahari inayofichua visukuku ndiyo hiyohiyo inayovisaga: kisipookotwa mapema, kisukuku hugeuka mchanga. Ndiyo maana waokotaji hawakufukuzwa, bali waliwekewa utaratibu. Kilicholegea ufukoni huokotwa. Jabali halichimbwi ovyo. Na ugunduzi wenye uzito kwa sayansi huandikishwa kituoni Charmouth. Mwaka 2001 UNESCO iliutangaza ukanda huu, wenye urefu wa takriban kilomita 150, kuwa Urithi wa Dunia.

Kituo ni taasisi ya hisani. Wapo waajiriwa wanaoongoza matembezi ya ufukoni, lakini nguzo yake ni watu wa kujitolea: hupokea wageni, hueleza mikusanyo, hujibu swali lilelile kwa mgeni wa kwanza na wa mwisho kwa uvumilivu mmoja. Mtoto huja na kiganja kimefumba, mikono ina matope, kisha hukifumbua juu ya meza. Jiwe hugeuzwa, hutazamwa kwa lenzi, kisha hupewa jina. Anapotoka hulishika tofauti na alivyolileta.

Kazi hii inastahili heshima yetu, kwa kuwa inalipa deni la zamani. Binti wa seremala aliifundisha dunia, na milango ya wasomi ikabaki imefungwa mbele yake. Mlango wa Charmouth uko wazi, na hauna kiingilio.