Nataraja wa Pathur na Hekalu Lililodai Haki Yake

Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, yupo Shiva Nataraja, Bwana wa Ngoma, wa shaba, aliyesubiwa yapata mwaka 1100 katika zama za wafalme wa Chola, kusini mwa India. Sisi tulioingia humo kama watalii tulijikuta tumeunganisha viganja vyetu mbele yake. Hapakuwa na taa, maua wala kengele. Sanamu za namna hiyo zilitengenezwa ili zivishwe nguo na mashada, kisha zibebwe mabegani mwa watu siku za sikukuu. Pale haendi popote.

Huyo hatumdai mtu. Lakini alitukumbusha ndugu yake, ambaye kisa chake chafaa kusimuliwa katika maadhimisho haya.

Mwaka 1976, katika kijiji cha Pathur, Tamil Nadu, kibarua aliyekuwa akichimba karibu na gofu la hekalu la kale aligonga shaba ardhini. Alikuwa Nataraja wa karne ya 12, amezikwa pamoja na sanamu nyingine. Ilikuwa desturi ya wazee kuzificha murti ardhini nyakati za hatari. Sanamu hiyo iliuzwa kwa siri, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara, na mwaka 1982 ikanunuliwa London na kampuni ya Kanada. Ilipopelekwa British Museum ili itunzwe na mafundi, polisi waliishika.

Kesi ikafunguliwa. Wataalamu waliilinganisha na sanamu zilizobaki Pathur. Miongoni mwa wadai lilikuwamo hekalu lenyewe, ingawa lilikuwa gofu lisilofanyiwa ibada kwa karne nyingi. Sheria ya India hulitambua hekalu kuwa na nafsi ya kudai haki kupitia mwakilishi wake, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali hivyo. Mwaka 1991 Nataraja alirudi India.

Majirani zetu hutuuliza kwa wema iwapo twaabudu shaba na mawe. Kisa hiki chatusaidia kujibu. Murti huletwa hekaluni kwa ibada ya kuombewa uhai. Tangu hapo huamshwa, huogeshwa, hulishwa na hulazwa kama mgeni mtukufu wa nyumbani. Tunayemtumikia ni Mungu aliyekubali kukaa nasi humo.

Makumbusho hulinda shaba isiharibike, nayo yastahili shukrani zetu kwa kazi hiyo. Ila wizi wa Pathur uliwezekana kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuondoka: taa ilizimika kwanza, mnunuzi akaja baadaye. Basi tunaposherehekea umri wa hekalu letu, tusihesabu miaka ya kuta tu. Tuwahesabu wanaofika alfajiri kuwasha taa, na tujiulize ni nani katika watoto wetu atakayeiwasha baada yetu.