Pipa la Nyanya

Mimi nilifika kidato cha nne kwa pesa za busaa. Nyanya alivundika unga wa mahindi, akaukaanga, akauchanganya na kimea cha wimbi, kisha akauacha uchachuke ndani ya pipa kuukuu. Usiku tukisikia buti, tulilifunika pipa magunia na kuzima koroboi.

Basi msomaji, wacha nikwambie nililosoma maktabani. Marekani iliondoa marufuku ya pombe mwaka 1933, lakini bia ya kupikwa nyumbani ikaachwa nje. Ilingoja hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya. Nyumba yenye watu wazima wawili ikaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, bila kodi.

Na chombo je? Wapishi wenye mifuko mitupu walinunua mitungi mikuukuu ya chuma, ya lita 19 hivi, iliyowahi kubeba maji mazito ya soda. Kampuni za soda zilikuwa zikihamia mifuko ya plastiki ndani ya katoni, mitungi ikauzwa bei ya kutupa. Unaiosha, unaiunganisha na silinda ya gesi, mpira na bomba, basi, baa iko jikoni.

Kumbe hata wao walianza na vyombo vilivyotupwa!

Ila sheria yao ilisema: kunywa, usiuze. Nyanya hakuonja hata tone. Aliuza, nami nikasoma. Ndiyo maana leo naweza kuandika habari zake.