Nyarushishi haina ukuta wa zamani

Ndugu vijana, ukisema "majengo ya historia" watu wanafikiriaga ngome ya mawe au jumba la mfalme. Hapa Rusizi ya zamani yapo. Parokia ya Mibilizi ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, na inasemwa kahawa ya kwanza ya Rwanda ilipandwa huko huko mwaka uliofuata. Lakini sisi tunataka kuongea juu ya kilima tunacholala: Nyarushishi.

Wengi wetu tunapaitaga "transiti" tu. Unashuka kwenye gari, unaandikwa, unapewa blanketi, unangoja basi la Mahama. Kumbe kilima hiki kilishapokea wakimbizi kabla sisi hatujazaliwa. Kwanza kilikuwa kambi ya Warundi. Halafu ikaja Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Familia zilikimbilia kanisa kuu la Cyangugu, kisha zikahamishiwa uwanja wa Kamarampaka. Huko wengine waliitwa majina kwenye orodha, wakatolewa, wakauawa. Mwezi wa tano waliobaki wakaletwa hapa. Interahamwe waliwafuata mpaka huku, ila Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, mkuu wa majandarme wa Cyangugu, aliweka watu wake kulinda kambi. Wanajeshi wa Ufaransa walipofika, tarehe 23 Juni, walikuta watu kama 8,000 wako hai.

Watu 8,000, na hakuna ukuta hata mmoja uliobaki wa kuonyesha walilala wapi! Shitingi inaoza, miti inachomwa kuni. Uwanja wa Kamarampaka wenyewe upo, hata mpira ulichezwa tena pale. Jina lake ni lile la kura ya maoni ya 1961 iliyoondoa ufalme. Kwa Nyarushishi kuna ukumbusho wa waliouawa, na hiyo ni haki yao. Sehemu waliyoponea wengine ndiyo haionekani.

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia kumbukumbu nne za mauaji hayo: Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero. Mwaka huo huo iliingiza pia msitu wa Nyungwe, ambao kipande chake kiko wilaya yetu hii. Nyarushishi haimo. Hatulalamiki, orodha haiwezi kubeba kila kilima. Ila mgeni anayefika usiku na watoto, anaogopa, angesikia kwamba hapa watu waliwindwa na wakapona, nafikiri angelala tofauti kidogo.

Basi wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba kitu kidogo. Ile karatasi mnayobandikaga karibu na bomba, yenye saa za maji na namba ya malalamiko, iongezewe mistari mitatu: Warundi, watu wa 1994, na sisi. Ya Kiswahili na ya Kinyarwanda tumeshaandika. Bado tunatafuta Mrundi mmoja atusahihishie ile ya Kirundi.